Nilimkuta shemeji kwenye mkutano wa wanaoacha pombe

Shikamoo mama mshauri,

Nina miaka 38, nina mke na watoto wawili. Nakuandikia usiku wa manane kwa sababu jambo hili siwezi kumweleza mtu yeyote ambaye kesho tutatazamana usoni.

Mimi ni mlevi. Neno lenyewe nimelikwepa miaka mingi, nikisema nakunywa kama wanaume wenzangu, mpaka nilipojikuta naficha chupa ndogo ndani ya buti la mvua nyuma ya mlango wa stoo. Asubuhi nilikuwa nazimua ili mikono itulie niweze kunyoa ndevu. Mwaka jana nilijaribu kuacha peke yangu, kimya kimya. Siku ya pili nilitetemeka mpaka kijiko kikawa kinagonga meno. Siku ya tatu nikaanza kuona wadudu ukutani, na wadudu hawakuwepo. Nikanywa ili waondoke.

Mwaka huu nilimweleza daktari ukweli. Nililazwa siku tano mpaka mwili ukatulia. Siku ya kutoka nesi akanipa kikaratasi chenye namba ya simu ya kikundi cha watu wanaoacha pombe. Nikapiga, namba haipatikani. Nikaelekezwa mahali pengine, nikakuta kufuli na mlinzi anayesema hao walihama zamani. Mara ya tatu nilitafuta kwenye intaneti, nikaacha ujumbe, na jioni akanipigia mwanaume mmoja mwenye sauti ya upole. Akanipa mahali na saa. Akasema, "Njoo kama ulivyo. Hakuna atakayekuuliza jina la ukoo."

Ilikuwa Alhamisi. Nilifika dakika ishirini kabla ya muda, nikasimama nje nikijifanya nasoma tangazo ubaoni. Nililisoma mara nne, na hadi leo sijui lilihusu nini. Nilipoingia, ndani kulikuwa na mtu mmoja tu, ameinama anapanga viti vya plastiki kwa duara. Alipoinuka nikaona ni shemeji yangu, kaka mkubwa wa mke wangu.

Mama, lazima uelewe huyu ni nani. Kwetu yeye ndiye kipimo. Kila nilipochelewa, kila nilipoyumba, mke wangu aliniambia, "Mtazame kaka. Hata harusini anakunywa maji." Kwa miaka nimemchukia kwa sababu ya hayo maji.

Tulitazamana, kiti bado kiko mkononi mwake. Akasema, "Karibu, ndugu. Chai ipo pale mezani," kana kwamba hajawahi kukanyaga kwangu. Mkutano ukaanza. Zamu yake ilipofika akataja jina lake la kwanza, akasema yeye ni mlevi, na kwamba ana miaka sita hajaonja. Akaongea kama dakika mbili akanyamaza. Aliyekuwa anaongoza akamtania, "Leo umekuwa mfupi." Watu wakacheka. Zamu yangu ilipofika nikasema napita. Mwishoni shemeji akanipa karatasi yenye namba za simu za wanakikundi, maana ndiye aliyekuwa anawagawia wageni, akaninong'oneza, "Dada asijue, tafadhali." Hakuongeza neno.

Sijarudi tena. Hii ni Alhamisi ya tatu. Lakini kila Alhamisi natoka nyumbani saa ile ile, nazunguka na gari, narudi usiku, kwa sababu nilishamwambia mke wangu nina kikao cha kazi na sijui nikifute vipi. Juzi ameniuliza huyo mwanamke anaitwa nani. Nilicheka, na hapo ndipo nilipoharibu kabisa. Wiki iliyopita nimekunywa mara mbili.

Nifanyeje? Nikirudi pale, nitaongeaje mambo ya ndoa yangu mbele ya kaka wa mke wangu? Nikitafuta kikundi kingine, ni kule kwa makufuli tena. Nikimwambia mke wangu ninapokwenda, ataunganisha. Na nikikaa kimya, naachwa kwa sababu ya mwanamke ambaye hayupo. Halafu moyoni nina hasira. Huyu mnafiki ameniacha nichapwe kwa jina lake miaka sita yote, na kumbe tuko chungu kimoja. Tena, niambie ukweli, hivi vikundi vinasaidia kweli, au ni watu wazima kukaa duara na kuhurumiana?

Msomaji wa Alhamisi

N.B. Ile karatasi ya namba ipo kwenye mfuko wa shati. Shati limeshafuliwa nayo mara moja, lakini inasomeka.

MSHAURI ANAJIBU

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeirudia, na mara ya pili nilikwama kwenye yale maneno, "Leo umekuwa mfupi." Tutafika hapo.

Nilivyokuelewa ni hivi, na unisahihishe nikikosea. Umehangaika kutafuta mlango, ukaupata, na nyuma yake ukamkuta mtu wa mwisho uliyemtarajia. Ulikwenda kuitua siri yako, umerudi umebeba na ya mwenzako. Mkeo naye, kwa kuwa hajaambiwa kitu, ameijaza nafasi iliyo wazi kwa kitu kinachofanana nayo: mume anayetoka siku ile ile, saa ile ile, na kucheka akiulizwa. Mimi simlaumu. Ningefikiri hivyo hivyo.

Lakini kabla ya shemeji na kabla ya mkeo, tuuangalie mwili wako. Umesema umekunywa mara mbili. Kama ni mara mbili kweli, mpigie daktari wako umweleze. Hatashangaa, kuteleza anakujua. Kama ile mara mbili imeanza kuwa kila siku, usijifungie ndani ukaacha ghafla kama mwaka jana. Kutetemeka huanza saa chache tu baada ya glasi ya mwisho, kifafa cha pombe kinaweza kumpiga mtu ndani ya siku mbili za mwanzo, na ile hali ya kuona wadudu, ikiambatana na homa na kuchanganyikiwa, mara nyingi huja kati ya siku ya pili na ya nne. Watu hufa kwa hiyo. Ulishaionja mara moja, na aliyewahi kuipitia yuko katika hatari zaidi ya kuipitia tena. Kikundi si hospitali. Watu wa kwenye duara watakushika mkono, lakini dripu hawana. Muulize daktari pia kuhusu dawa za kupunguza hamu, kama naltrexone au acamprosate. Zipo, na kuzitumia hakukuzuii kukaa kwenye kiti cha plastiki.

Sasa shemeji. Umemwita mnafiki. Hasira yako naielewa, ila nijibu swali moja: katika miaka hiyo yote, ni lini yeye mwenyewe alikuambia, "Niige mimi"? Ulivyoandika, aliyekuchapa kwa jina lake ni mkeo. Yeye alikuwa anakunywa maji tu harusini. Sasa unajua yale maji yalikuwa nini. Wewe uliyeficha chupa kwenye buti unaweza kukisia mtu aliye na mwaka mmoja au miwili bila pombe anajisikiaje pale glasi zinapopita kwenye sinia. Labda alipaswa kusema. Labda alijaribu ikamshinda. Hilo hulijui wewe, wala mimi.

Na ule ufupi wake. Mtu mwenye miaka sita kwenye kikundi, anayefika mapema kupanga viti na kugawa namba kwa wageni, huwa ana mengi ya kusema, na wenzake wamezoea hivyo. Ndiyo maana walicheka. Siku ile aliongea dakika mbili kwa sababu ulikuwepo. Unaniuliza utaongeaje ndoa yako mbele ya kaka wa mkeo. Na yeye, mwanangu, ataongeaje wazazi wake, utoto wake, dada yake, mbele ya mume wa dada yake? Ulipopoteza nafasi yako ya kusema, yake pia ilipotea. Halafu bado akakupa ile karatasi.

Na kama unahofia kwamba atatoboa siri yako, hofu hiyo ninaiona haina mguu. Wiki tatu zimepita na mkeo bado anatafuta jina la mwanamke. Angekuwa na mdomo, ungekuwa umeshasikia. Na lile ombi lake la kunong'ona, hata asingelitoa, lingekubana vile vile. Kwenye vikundi hivi, hasa AA (Alcoholics Anonymous, chama cha kimataifa cha watu wanaoacha pombe), aliyeonekana na kilichosemwa vinabaki chumbani. Kwa hiyo shemeji hajakudai upendeleo. Woga ulimfanya akumbushe sheria ambayo kila mgeni angeambiwa.

Kurudi kikundi kile kile kuna faida yake. Mlango umeshaujua, na mtu wa kukukaribisha yupo. Hatari ni kwamba nyote wawili mtakuwa mnaongea nusu nusu, na kuongea nusu nusu ndiko kulikokuwa kunakunywesha. Wapo ndugu na hata wanandoa wanaohudhuria chumba kimoja wakaweza, lakini kwa kawaida hupatana kwanza. Ukiichagua njia hii, ningefikiria mazungumzo ya dakika kumi na shemeji, nje ya mkutano na mbali na familia. Usiende kumwuliza kwa nini alinyamaza. Mwulize tu: tukae humu wote, au tugawane siku? Vikundi vingi vina watu wanaohudhuria hapa wiki hii na pale wiki ijayo. Na yale ya ndoa, ambayo hutaki ayasikie, si lazima yasemwe kwenye duara. Mwanakikundi hutafuta mtu mmoja mwenye miaka mingi bila pombe, wenyewe humwita sponsa, akawa ndiye anayesikia ya ndani. Huyo asiwe shemeji. Hapo nasema bila kumung'unya.

Kutafuta kikundi kingine nako si kukimbia, mradi ukipate kweli. Wengi wanapokosea ni hapa: wanajiambia "nitatafuta kingine" na mwaka unapita. Orodha huzeeka, kama ulivyoona. Kikundi kinahama, aliyeshika simu anabadilisha laini, karatasi ya hospitali inabaki ile ile. Usiende kwa anwani peke yake. Piga au andika kwanza, uulize kama bado wanakutana, chumba gani, na kama mkutano ni wa wazi, ambapo hata ndugu au mwanafunzi anaruhusiwa, au ni wa ndani, kwa wenye tatizo tu. Daktari wako na maofisa wa ustawi wa jamii hospitalini huwa wanajua kipi kiko hai. Tovuti za AA zenyewe huwa na orodha kwa eneo. Na njia ya mkato unayo tayari: wale waliokuwa kwenye duara siku ile wanajua vikundi vingine kuliko orodha yoyote.

Kuna mikutano ya mtandaoni pia, ya simu na ya video, saa zote za mchana na usiku. Kwa mtu anayezunguka na gari Alhamisi usiku, ningesema paki mahali salama uingie mmoja leo hii. Udhaifu wake ni kwamba ni rahisi kuzima kamera na kupotea. Chumbani, ukiondoka mapema, mtu ataona kiti.

Kama yale ya Mungu na sala ndiyo yanayokukera (hukusema, lakini wengi huishia hapo), jua kwamba AA humwachia kila mtu aelewe mwenyewe hiyo nguvu iliyo kuu kuliko yeye, na kwamba vipo vikundi visivyotumia lugha hiyo kabisa, kama SMART Recovery, kinachotumia mbinu za kubadili mawazo na tabia. Jaribu kadhaa kabla ya kusema "hivi vikundi". Chumba kimoja kikoje hakikuambii cha pili kikoje.

Mkeo ndiye aliyenifanya nifikiri kwa muda mrefu. Wewe unaona njia mbili, kumwambia yote au kunyamaza, na zote zinakutisha kwa haki. Lakini siri ziko mbili na ni yako moja tu. Ya kwako unaweza kuitoa leo, nzima, bila kugusa ya shemeji hata kwa ukucha: kwamba Alhamisi hakuna kikao cha kazi, kwamba ulikwenda mara moja kwenye mkutano wa watu wanaoacha pombe, ukaogopa, na tangu hapo unazunguka na gari. Ataumia kwa uongo. Huenda asiamini mara moja, maana uongo wa kwanza hula imani ya ukweli unaofuata. Na atagusa lile unaloliogopa, atauliza nani mwingine yuko huko. Hapo usibuni. Ukisema "hakuna unayemjua," umeongeza uongo mwingine, na siku ukifumuka utabomoa nyumba mbili. Unaweza kusema, "Ya wenzangu siyasemi, kama wao wasivyosema yangu." Uiseme kwa kila swali la aina hiyo, hata akitaja majina ya watu ambao hawahusiki kabisa, ili siku atakapotaja lililo la kweli uso wako usibadilike.

Tena kuna kona moja ambayo sidhani umeiona. Ukimweleza vizuri, anaweza kusema, "Basi na mimi nitakuja nikusindikize." Wake wengi husema hivyo, kwa upendo au kwa kutaka kuhakikisha. Akija kwenye mkutano wa wazi wa kikundi kile, atamkuta kaka yake anapanga viti. Kwa hiyo ukiona unataka kumwambia, fikiria kwanza utamwelekeza wapi. Kwa ajili yake mwenyewe kipo Al-Anon, kilichoanzishwa mwaka 1951 kwa ajili ya jamaa za wanywaji. Huko haendi kukulinda wala kukuchunga. Anakwenda kwa ajili ya miaka aliyokaa akinusa pumzi yako mlangoni. Naye anastahili duara lake.

Hapo njia panda inarudi kwa shemeji. Kama unadhani mkeo ataunganisha hata ukinyamaza, huenda ni haki shemeji ajue kabla kwamba unakusudia kusema ya kwako. Si kumwomba ruhusa, maana siri yako ni yako. Ni kumpa nafasi aamue kama anataka dada yake asikie kutoka kwake. Anaweza kukasirika. Anaweza pia kushusha pumzi ya miaka sita. Sijui ni lipi, na nisingependa kukudanganya kwamba najua.

Umeuliza kama vinasaidia kweli. Mwaka 2020 shirika la Cochrane, linalopima ushahidi wa tiba, lilikusanya tafiti 27 zenye washiriki zaidi ya 10,000. Lilikuta kwamba baada ya mwaka mmoja, kati ya watu 100 walioelekezwa AA kwa mpango maalumu, 42 hivi walikuwa hawajanywa kabisa, na kwa tiba nyingine, kama za kubadili fikra, walikuwa 35. Kwa hiyo si watu kuhurumiana tu. Lakini uone na upande wa pili: zaidi ya nusu walikuwa wamekunywa. Wale viti vyao huwa havitolewi. Sharti la kuwa mwanachama wa AA ni moja tu, kutaka kuacha, na aliyekunywa jana bado anaweza kutaka.

Na yale makufuli yasikuvunje moyo sana, kwa sababu jambo lenyewe lilianza kwa simu zisizofika popote. Mei 1935, huko Akron, Marekani, dalali wa hisa aitwaye Bill Wilson, aliyekuwa na miezi michache tu bila pombe, alisimama kwenye ukumbi wa hoteli baada ya biashara yake kuharibika. Upande mmoja baa inamwita, upande mwingine simu. Akaanza kupiga namba za makanisa akiomba aunganishwe na mlevi mwenzake, kwa sababu alishagundua kwamba akiongea na mlevi, hamu inapungua. Namba kadhaa hazikumsaidia. Mwishowe akafikishwa kwa daktari wa upasuaji, Bob Smith, aliyekubali kumpa robo saa tu, na wakaongea kwa saa nyingi. Ndio walioanzisha AA. Ninachokipenda kwenye kisa hiki ni kwamba Bill hakupiga ili asaidiwe na mwenye afya. Alimtafuta aliye kama yeye.

Shemeji yako ana miaka sita, na usiku ule alihitaji mgeni aingie mlangoni kama wewe ulivyohitaji wa kukufungulia. Kwamba mgeni alikuwa wewe ni balaa kwenu wote wawili, au siyo. Hilo mtalijua nyinyi.

Ile karatasi itoe kwenye mfuko wa shati kabla halijarudi majini, nakili namba mahali pengine. Bila shaka ya shemeji imo. Na zimo za wengine, pengine hata ya yule mwenye sauti ya upole aliyekuambia njoo kama ulivyo. Huyo hajui wewe ni mume wa nani. Ukipiga asipopokea, jaribu inayofuata.